Mashine zilipochukua kapu: Nani atawarejesha kazini wachuma chai wa Kericho na Bomet?

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya michai, mashamba makubwa yanayotandaa kutoka viunga vya mji wa Kericho hadi vilima vya Konoin katika Kaunti ya Bomet huwa yamekwisha kuamka. Kwa miongo mingi, sauti iliyotawala saa hiyo ilikuwa ya watu: mamia ya wachumaji wakiitana toka safu moja hadi nyingine, kapu mgongoni, vidole vikienda mbio. Siku hizi katika sehemu nyingi inasikika injini.

Watu wawili au watatu hukishika chombo chenye meno na mfuko mrefu uliofungwa nyuma yake, wakakipitisha juu ya safu ya michai, na kwa muda mfupi wakamaliza eneo ambalo zamani lilihitaji kikosi kizima. Zipo pia mashine kubwa zaidi zinazojiendesha zenyewe.

Mengi yamesemwa kuhusu mashine hizo. Oktoba 2010, Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba na Kilimo (KPAWU) kiliitisha mgomo kuzipinga. Mei 2023, hasira ilipanda hadi zikachomwa moto mashambani. Mashine tisa za kampuni ya Ekaterra ziliteketezwa, na muungano wa wakuzaji chai ukakadiria hasara kuwa Sh170 milioni. Kulitokea majeruhi, na mwandamanaji mmoja akapoteza maisha.

Lakini kuna swali ambalo katika makelele hayo yote limeulizwa kwa sauti ya chini mno. Mtu aliyekuwa akilibeba kapu yuko wapi leo, na nani ana jukumu la kumtafutia njia ya kurudi kazini?

Hesabu yenyewe si ndogo. Jopo lililoteuliwa na serikali ya kaunti lilizunguka katika wadi kusikiliza wananchi, na Machi 2023 likapendekeza uwiano mpya kati ya uchumaji wa mashine na wa mikono, asilimia 60 kwa 40, pamoja na sheria ya kudhibiti uingizaji wa mashine nchini. Mmoja wa wanajopo, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa afisa mkuu wa muungano wa wakuzaji chai, aliliambia shirika la habari la Semafor kwamba katika Kericho pekee nafasi 30,000 za kazi zilipotea kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi.

Nafasi 30,000 hazina maana ya watu 30,000 walioamka siku moja na kukuta barua za kufutwa. Nyingi zilipotea kimyakimya. Mzee aliyestaafu hakupata wa kuchukua nafasi yake. Kibarua wa msimu aliambiwa asubiri aitwe, naye hakuitwa. Mkataba wa miezi michache ulifika mwisho na haukuandikwa upya. Ndiyo maana ni vigumu kuwahesabu waathiriwa, na jambo lisilohesabiwa ni rahisi kulisahau.

Wataalamu wa ajira humwita mtu asiye na kazi kwa muda mrefu yule ambaye ametafuta kazi kwa miezi 12 au zaidi bila kuipata. Kipimo hicho kinafaa sana katika nchi ambako aliyepoteza kazi hujiandikisha ofisini na kulipwa posho. Katika nchi ya chai kinaacha watu wengi nje. Kwa kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watakwimu, aliyefanya kazi ya malipo walau saa moja katika juma linaloulizwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Mwanamke aliyechuma chai ya jirani Jumanne asubuhi kwa malipo ya kilo chache, kisha akakaa nyumbani siku sita, si miongoni mwa wasio na kazi. Yeye, kwa mujibu wa takwimu, ameajiriwa.

Nyumba na kazi kwa ufunguo mmoja

Ili kuelewa uzito wa kupoteza kazi katika shamba kubwa la chai, sharti mtu akumbuke jinsi mashamba hayo yalivyojengwa. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, katika ardhi ambayo familia za Wakipsigis na Watalai hadi leo zinaidai. Zilihitaji watu wengi, nao wengi walitoka mbali: Gusii, Magharibi, Nyanza. Kwa hiyo zilijenga vijiji vya wafanyakazi ndani ya mashamba, vyenye nyumba, mifereji ya maji, shule, zahanati na viwanja vya mpira.

Utaratibu huo ulikuwa na manufaa yake, na wapo wazee wanaousifu. Ila ulimfunga mtu. Anayepoteza kazi mjini hupoteza mshahara. Anayepoteza kazi katika kijiji cha chai hupoteza mshahara, nyumba, zahanati ya karibu na pengine shule ya watoto kwa mpigo mmoja. Asiye na shamba kwao hana pa kurudi. Aliyezaliwa hapo hapo, mtoto wa mchumaji na mjukuu wa mchumaji, hata neno "kwao" linampiga chenga.

Ulimwengu umewahi kuliona jambo kama hili na kuliandika kwa makini. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, karibu kila familia ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, watafiti walikwenda kuishi na wanakijiji, na mwaka 1933 wakachapisha kitabu ambacho kingali kinasomwa. Walitarajia kukuta watu wenye hasira. Walikuta watu waliopooza. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama mara kwa mara bila sababu. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua, ingawa sasa kila mtu alikuwa na wakati wa kusoma. Wanawake pekee walitembea kwa haraka, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Jambo hilo lina umuhimu kwa yeyote anayepanga kuwasaidia wachuma chai. Ukosefu wa kazi wa miezi mitatu na ule wa miaka mitatu ni maradhi mawili tofauti. Wa miezi mitatu hutibiwa kwa habari za mahali penye nafasi. Wa miaka mitatu umekwisha kula akiba, marafiki wa kazini, desturi ya kuamka alfajiri na, zaidi ya yote, imani ya mtu kwamba anaweza kuajiriwa tena.

Hesabu ya siku 15

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikumwacha mfanyakazi mikono mitupu. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba wa eneo hilo, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Anapochagua nani aende, azingatie muda mtu aliotumikia, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake kazini. Kisha alipe fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Siku 15 kwa mwaka zinasikika vyema mezani. Zikipigiwa hesabu, sura hubadilika.

Mchumaji aliyetumikia miaka 18 anastahili ujira wa siku 270. Kwa kuwa mwezi wa kazi una siku 26 hivi, hizo ni sawa na miezi kumi na nusu ya mshahara. Kwa maneno mengine, akiishi kama alivyokuwa akiishi, fidia yake itakwisha kabla hajafikisha ile miezi 12 ambayo ingemfanya aitwe mtu asiye na kazi kwa muda mrefu. Ili fidia imvushe mwaka mzima, anahitaji kuwa ametumikia takribani miaka 21. Na hapo hajalipa kodi ya nyumba, gharama ambayo hakuwa nayo alipokuwa kijijini mwa kampuni.

Hicho ni kiwango cha chini cha kisheria; mikataba ya pamoja kati ya chama na waajiri inaweza kuongeza. Lakini mkataba wa pamoja humlinda aliye ndani yake. Kibarua wa msimu hana miaka iliyokamilika ya kuhesabia. Aliyeletwa na wakala wa nje hana anayemwita mfanyakazi wake siku kazi inapokwisha. Mkataba wa muda ukimalizika, sheria haihesabu kwamba mtu amepunguzwa. Muda wake umekwisha, basi.

Baada ya fidia, Kenya haina mfuko wa kitaifa wa kumlipa mtu posho kwa sababu amekosa kazi. Kuna akiba ya uzeeni ya NSSF, ambayo aliyefikisha miaka 50 na kuacha kazi anaweza kuiomba mapema. Wengi huiomba. Ni jambo la kueleweka, ingawa maana yake ni kwamba mtu anakula uzee wake angali na miaka kumi ya nguvu mbele yake.

Umri usiofaa

Si kweli kwamba serikali haikufanya lolote kuhusu ukosefu wa kazi. Mipango ni mingi, na majina yake yanafahamika hadi vijijini. Kazi Kwa Vijana ilianzishwa mwaka 2009. Kazi Mtaani ilizinduliwa mwaka 2020 wakati wa janga la corona, ikilenga mitaa ya mabanda mijini. Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) husajili vijana kwa mafunzo na kazi. Mradi wa Benki ya Dunia ulioitwa KYEOP uliwapa vijana mafunzo kwa mafundi wa jua kali na ruzuku za biashara. Mrithi wake, mradi wa NYOTA, ulianza kugawa fedha za kuanzishia biashara mwaka 2025, ruzuku ya Sh50,000 kwa kila kijana aliyeteuliwa, sehemu yake ikiwekwa akiba.

Neno linalorudi katika kila mpango ni kijana. NYOTA inawataka walio na umri wa kati ya miaka 18 na 29, ikiwaongezea walemavu hadi 35. NYS huwachukua wenye miaka 18 hadi 24. Hata Katiba, katika Kifungu cha 260, inamaliza ujana kabla mtu hajafikisha miaka 35.

Yule aliyepunguzwa kwa sababu ya mashine ni nani? Aghalabu ni mtu aliyeingia shambani akiwa na miaka 20 na kutoka akiwa na 42. Ana elimu ya msingi au chini yake, kwa kuwa kazi hiyo haikumdai cheti. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni yeye alipiaye karo. Akisimama mbele ya afisa wa mpango wowote kati ya hiyo iliyotajwa, atajibiwa kwa heshima kwamba watoto wake waje.

Hakuna anayekana kwamba vijana wana shida. Ni wengi zaidi, wana sauti, nao hupiga kura. Lakini kuna tofauti kati ya kumsaidia mtu aanze kazi na kumsaidia aliyekwisha kufanya kazi arudi. Wa kwanza anahitaji uzoefu. Wa pili uzoefu anao, wa miaka ishirini, ila hauna karatasi na hauna soko. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya wa kwanza haumfai wa pili hata ukimfungulia mlango.

Kwa mwenye zaidi ya miaka 35 limebaki jambo moja kubwa: mkopo. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, haina kikomo cha juu cha umri, nayo hukopesha kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Wengi huanzia chini kabisa. Sh500 hununua nyanya za kuuza siku moja kando ya barabara ya Litein, mahali ambapo wanawake wengine kumi waliotoka katika mashamba yale yale wamekwisha kutandika magunia yao. Mtu anaweza kuuita huo ujasiriamali. Hautofautiani sana na kugawana njaa.

Palipobaki vibarua

Kimbilio la karibu zaidi ni mashamba madogo. Wakulima wanaopeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama Litein, Kapkatet, Momul na Tegat upande wa Kericho, na Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, bado hutegemea mikono kwa kiasi kikubwa, maana viwanda hivyo vimejengea jina lake juu ya majani mawili na kichipukizi. Mchumaji hodari hakosi mtu wa kumwita msimu wa mvua.

Anacholipwa ni kilo alizochuma. Hakuna NSSF, hakuna likizo ya uzazi, hakuna fidia, na mchango wa bima ya afya aliokatwa kwenye mshahara sasa inambidi autafute mwenyewe. Chai ikipungua wakati wa kiangazi au baridi kali, kibarua hupungua nayo. Na kadiri wachumaji wanaotoka katika mashamba makubwa wanavyoongezeka, ndivyo mkulima mdogo anavyoweza kuchagua anayekubali malipo ya chini. Mkulima huyo si tajiri. Mara nyingine anasubiri bonasi yake kwa wasiwasi ule ule.

Njia nyingine zilizowahi kutegemewa zimejifunga. Mashamba ya maua ya Chemirei na Tarakwet, yaliyokuwa ya kampuni ya Finlays hapo Kericho, yalifungwa mwishoni mwa mwaka 2019, nayo yalikuwa yameajiri wanawake kwa wingi.

Uhaba wa nafasi huzaa uovu mwingine. Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Kampuni husika zilisema zimeshtushwa, na baadhi ya waliotajwa wakasimamishwa kazi. Maelezo ya wanawake wale yalikuwa na uzi mmoja: kazi ni haba, na anayeishika ana mamlaka juu ya asiye nayo. Mpango wowote unaomwacha msimamizi mmoja aamue nani arejeshwe kazini, bila orodha iliyo wazi na bila mahali pa kulalamika, utakuwa umemkabidhi fisi ufunguo wa zizi.

Mafunzo ya nini?

Kila kunapozuka kilio cha ajira, jibu la kwanza la viongozi ni mafunzo. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, na Kericho na Bomet zinavyo katika maeneo mengi. Juu yake kuna taasisi za kiufundi za serikali kuu kama Bureti, Konoin na Sot. Majengo na walimu wapo. Kampuni ya Lipton nayo, pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga, ilipanga chuo cha teknolojia na ubunifu wa chai.

Ushahidi kuhusu mafunzo hautii moyo sana. Mwaka 2017, mwanauchumi wa Benki ya Dunia, David McKenzie, alikusanya matokeo ya majaribio mengi katika nchi zinazoendelea. Aliona kwamba kwa kila watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi, wawili au watatu tu ndio waliopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Sababu yenyewe haina fumbo. Mafunzo humwongezea mtu ujuzi, lakini hayaongezi hata nafasi moja ya kazi mjini Kericho. Kufundisha washonaji 50 katika soko linalowatosha watano ni kuwaahirishia watu 45 masikitiko.

Hata hivyo kuna jambo dogo lililojitokeza magharibi mwa Kenya ambalo linastahili kuzingatiwa. Katika jaribio lililoanza takriban mwaka 2008, vijana walipewa vocha za kusomea ufundi, na baadhi yao wakaelezwa waziwazi kwamba kazi zinazohesabiwa kuwa za wanaume, kama umakanika na umeme, hulipa zaidi kuliko ushonaji na ususi. Wanawake walioelezwa hivyo walielekea zaidi kuchagua kozi hizo.

Uhusiano wake na chai ni huu. Kuja kwa mashine hakukufuta kazi zote, kulizigeuza. Mashine inahitaji mwendeshaji, fundi wa injini, mnoa visu, dereva wa kubeba majani, mtu wa kupima na kuandika. Kazi hizo zimeelekea kushikwa na wanaume vijana, ilhali walioweka kapu chini ni wanawake wengi. Hakuna sababu ya kimaumbile inayomzuia mwanamke aliyetembea kati ya michai kwa miaka 15, anayejua kwa macho tu jani lililokomaa na lililopitwa, asiendeshe mashine inayolichuma. Kuna sababu ya mazoea, na kuna sababu ya karatasi.

Ya karatasi ina dawa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huendesha mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, inayompa nafasi hata yule aliyejifunza kwa kutazama na kutenda. Serikali pia imeanza kutambua rasmi ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kila mwajiri hutozwa Sh50 kwa mwezi kwa ajili ya kila mfanyakazi, fedha zinazopaswa kugharamia mafunzo. Kwa mfanyakazi mmoja hizo ni Sh600 kwa mwaka, na kwa mtu aliyetumikia kuanzia 2008 hadi 2023 zinakaribia Sh10,000. Lakini mwajiri ndiye anayeweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo aliyotoa. Siku mchumaji anapoondoka, hana haki yoyote ya kuzifuata fedha zilizolipwa kwa jina lake, ingawa hiyo ndiyo siku anayohitaji kujifunza kitu kipya kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake.

Walichofanya Marienthal

Karibu miaka 90 baada ya kiwanda kile kufungwa, Austria ilirudi pale pale. Oktoba 2020, katika manispaa ya Gramatneusiedl ambamo Marienthal imo, idara ya ajira ya jimbo ilianza jaribio lililobuniwa pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kila mkazi aliyekosa kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja aliahidiwa kazi ya mshahara. Hakulazimishwa. Alianza kwa miezi miwili ya maandalizi, akiwa na mshauri wake, akipimwa afya na kuulizwa anachoweza. Kisha akapelekwa kwa mwajiri wa kawaida ambaye serikali ilimchangia mshahara, au akaajiriwa katika kazi za kijiji: useremala, ukarabati, bustani, kutunza wazee. Ukosefu wa kazi wa muda mrefu karibu ulitoweka mahali hapo, na washiriki walionekana kupata nafuu katika mpangilio wa siku zao na katika kujiona wana thamani.

Austria ni tajiri, nayo ilikuwa tayari inawalipa watu hao posho. Ilichofanya ni kuzielekeza fedha hizo kwenye mshahara. Kenya haina posho ya kuelekeza. Atakayependekeza jambo kama hilo Kericho ataulizwa mara moja: fedha zitoke wapi?

Majibu yanaweza kutafutwa karibu. Katika miaka ya karibuni mashamba haya yamebadilisha wenyewe kwa kasi isiyo ya kawaida. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, nayo ikawa Ekaterra, baadaye Lipton. Browns Investments ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay kwa makubaliano ya mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba yale ya Lipton pia yangeingia mikononi mwake. Katika mauzo hayo ilielezwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa jamii za wenyeji. Mjadala kuhusu hisa hizo umekuwa mkali, ukihusu zaidi nani ni mwenyeji na nani atazisimamia. Haujasikika mno ukihusu wale waliopoteza kazi, na baadhi yao, kwa kuwa asili yao ni Kisii au Kakamega, huenda wasihesabiwe kabisa ingawa walizaliwa katikati ya michai.

Kwa upande wao, wenye kampuni wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Chai ya Kenya huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, kwa bei ambayo shamba halipangi. Gharama ya kuchuma ni sehemu kubwa ya gharama zote, na mashine huipunguza. Shamba linaloendeshwa kwa hasara mwishowe halimwajiri mwendeshaji wala mchumaji. Kilichokosekana katika hesabu yao ni kwamba faida ya mashine hubaki ndani ya ua wa kampuni, na gharama yake huvuka ua na kwenda kukaa Kapkugerwet, Litein na Mogogosiek, katika vyumba vya kupanga ambavyo kampuni haivijui.

Barua ya mwezi mmoja

Katika haya yote kuna kipande kimoja cha karatasi ambacho hakihitaji sheria mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Ni ile notisi ya Kifungu cha 40.

Kabla ya mwajiri kupunguza hata mtu mmoja, sharti afisa wa leba apate barua mwezi mmoja mbele. Afisa huyo yuko chini ya Wizara ya Leba. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kukabidhiwa kazi ya kuwaandikisha wanaotafuta kazi, iko chini ya wizara hiyo hiyo. Kwa hiyo, upunguzaji unapofanywa kwa kufuata sheria, serikali hujua wiki nne kabla kwamba kundi la watu litakosa kazi, ni la ukubwa gani na ni katika shamba gani. Watu hao wangali wanakaa kijijini mwa kampuni, wana zahanati, wana nyapara anayejua nani ni hodari wa nini, na wanakusanyika mahali pamoja kila asubuhi. Hawatapatikana kwa urahisi hivyo tena.

Mwezi huo unatosha kumwandikisha kila mmoja, kuuliza anaweza nini, kumpeleka kwenye mtihani wa NITA aliye tayari kuufanya, kumweleza haki zake za NSSF na bima ya afya kabla hajatia sahihi chochote, na kuwauliza viwanda vya KTDA na idara za kaunti wana nafasi ngapi msimu ujao. Kwa kibarua wa msimu, ambaye barua haimtaji, chama cha wafanyakazi kingeweza kudai katika makubaliano yajayo ya pamoja kwamba majina ya wasioitwa tena yapelekwe katika ofisi hiyo hiyo.

Kwa sasa barua ikifika hupokewa, hugongwa muhuri wa tarehe na kuwekwa katika faili, ushahidi kwamba sheria ilifuatwa iwapo mtu atakwenda mahakamani. Siku ya thelathini lori husimama mbele ya nyumba za wafanyakazi, na magodoro huanza kupakiwa.